Mbung'o wa Mwisho wa Unguja

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu na wazazi, Unguja

Assalaam alaykum.

Bwana Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu mlioacha kazi zenu asubuhi hii, na nyinyi wanangu mliojazana mpaka madirishani, ahsanteni kwa kunialika.

Kabla sijaanza naomba mnyamaze kidogo, msikilize. Hiki nilichoshika ni kipima mionzi. Nimekiweka juu ya meza tupu. Tik. Kimya. Tik, tik. Hakuna nilichokisogezea. Mlio huo ni mionzi inayotoka ardhini, kwenye saruji ya kuta hizi, na kutoka juu angani. Ilikuwapo kabla ya binaadamu wa kwanza, na itakuwapo sisi tukishaondoka. Sasa nakisogeza kwenye huu mfuko mdogo wa plastiki. Mmesikia kinavyoharakisha? Ndani ya mfuko mna utambi wa karabai, wa zamani, ambao haujawahi kuwashwa. Wazazi wanaujua. Tambi za zamani zilitiwa thoriamu ili mwanga uwe mkali na mweupe, na thoriamu hutoa mionzi. Nimeufunga kwa sababu vumbi lake si la kuvuta puani. Lakini babu zenu waliovua dagaa usiku wa kiza walikwenda baharini na nyuklia ndani ya ngalawa, na hawakujua.

Nimeanza na karabai kwa makusudi. Mwalimu aliponipa mada hii ya matumizi ya amani ya sayansi ya nyuklia kwa maendeleo ya taifa, nilimwambia mke wangu, naye akaniuliza, "Kwani unakwenda kuwafundisha watoto bomu?" Simlaumu. Neno lenyewe liliingia duniani kwa moto. Agosti 1945 miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango ule wa mabomu ilichimbwa Afrika, katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwenye nchi ambayo watu wake huzungumza Kiswahili kama sisi. Wachimbaji walibeba mawe yale kwa mikono yao. Hakuna aliyewaambia yanakwenda wapi.

Miaka 8 baadaye, Desemba 1953, Rais Eisenhower wa Marekani alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akazungumzia atomu kwa ajili ya amani, na mwaka 1957 likazaliwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, makao yake Vienna. Tanzania ilijiunga mwaka 1976. Historia hiyo mtaisoma wenyewe. Mimi nimekuja kuwaeleza jambo lililotokea hapa hapa kisiwani, ambalo nililiona kwa macho yangu.

Mimi si mwanafizikia. Nilikuwa bwana mifugo wa shamba, na ninachokijua kuhusu atomu nilijifunza kwa kubandua mbung'o kwenye gundi.

Nyinyi vijana hamumjui mbung'o. Naona wengine mnatazamana. Basi huko kutomjua ndiko matunda ya kazi nitakayoieleza. Kisiwa hiki kilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, wataalamu humwita Glossina austeni, mdogo, wa rangi ya kahawia, mpenda kivuli cha vichaka vizito na misitu kama wa Jozani. Watu hakuwatia malale. Aliowamaliza ni ng'ombe, kwa ugonjwa wa nagana. Na nagana haiui kwa siku moja. Ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, macho yanalowa, maziwa yanakatika, mimba inatoka. Unamtazama mnyama wako akiisha kama mshumaa huku majani yamemjaa mbele. Watu wa upande wa kusini na katikati waliofuga, walifuga kwa wasiwasi, na ng'ombe wa maziwa wa mbegu bora hawakuthubutu kumleta, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanguka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulianza kupambana. Ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, ili mbung'o anayetua kunyonya afe. Porini tulitundika vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa, maana mbung'o huvutwa na buluu. Idadi ilishuka sana. Wapo waliotaka tuishie hapo, waseme ushindi umepatikana. Lakini ndani ya msitu mzito, ambako ng'ombe hafiki na kitambaa hakionekani, mbung'o walibaki. Ukiacha dawa mwaka mmoja, wanarudi wote.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo sayansi inapoingia. Jike wa mbung'o hatagi mamia ya mayai kama nzi wa jikoni. Anazaa buu mmoja kwa wakati mmoja, kiasi cha kila siku 9 au 10, na maisha yake yote ni nadra kufikisha watoto 10. Na kwa kawaida hupandwa mara moja tu, kisha mbegu ile anaihifadhi mwilini na kuitumia mpaka afe. Basi ikiwa dume aliyempanda mara ile moja ni tasa, jike yule hatapata mtoto hata mmoja. Ataishi, atanyonya, atazeeka, atakufa bila mrithi.

Mtu aliyeanza kuifikiria njia hii alikuwa Mmarekani, Edward Knipling, na kisiwa cha kwanza kufaidika kilikuwa Curaçao, katika bahari ya Karibi, mwaka 1954, dhidi ya nzi ambaye mabuu yake hula nyama hai kwenye vidonda vya mifugo. Kisiwa, kama sisi.

Madume wetu walizalishwa Tanga. Katika kituo cha utafiti wa mbung'o walifugwa kwa malaki ndani ya vizimba vidogo, wakinyonyeshwa damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni, nao hudhani ni ngozi. Fikirieni kazi hiyo: kulisha mbung'o. Mdudu ambaye kila mtu anataka kumuua, wao walimtunza kama yai, joto lisizidi, unyevu usipungue, damu isiharibike. Kisha madume walitengwa, wakapitishwa kwenye mionzi ya gama kwa muda uliopimwa. Hapo pana siri ya kazi nzima. Ukimpa mionzi kidogo mno, dume anabaki na mbegu hai, umempelekea adui askari. Ukimzidishia, anatoka dhaifu, hawezi kuruka, hawezi kushindana na madume wa porini. Kinachotakiwa ni dume mzima wa afya, mwenye nguvu za kutafuta jike msituni, asiye na uwezo wa kuzaa. Wafugaji waliniuliza kama ni maksai. Niliwajibu kwamba maksai hapandi, huyu anapanda, na ndiyo maana tunamtaka.

Niseme jambo lingine lililowatia watu hofu wakati ule. Mbung'o aliyepitishwa kwenye mionzi habebi mionzi. Ni kama nguo uliyoianika juani: ukiiingiza ndani usiku haitoi mwanga wa jua. Nililirudia neno hili kwenye kila baraza ya kahawa kuanzia Kitogani mpaka Makunduchi.

Agosti 1994 ndege ndogo ikaanza kuwamwaga. Mara mbili kwa wiki, kila wiki, ikipita juu ya kisiwa kwa mistari na kudondosha vikasha vya karatasi vinavyofunguka na kuwaachia. Mwanzoni watoto walikuwa wakiikimbilia ndege mashambani. Baada ya miezi miwili hakuna aliyenyanyua kichwa.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nilizungukia mitego. Mitego yetu ilikuwa mbao za buluu na nyeupe zilizopakwa gundi, nasi tulipita kubandua kila kilichonasa. Madume waliotoka Tanga walitiwa unga wa rangi inayong'aa, kwa hiyo tukiwaweka chini ya taa maalumu tulijua huyu wetu, huyu wa porini. Majike wa porini walipasuliwa chini ya hadubini, na humo ndimo tulimoona dalili ya kwanza: jike mtu mzima, aliyekwisha kupandwa, na mfuko wake wa uzazi hauna buu hai. Mara ya kwanza mwenzangu aliponiita nitazame kwenye ile hadubini nilikaa muda bila kusema kitu. Pale msituni hapakuonekana tofauti yoyote, miti ni ile ile, kima wanalia vile vile, lakini mbung'o walikuwa wamekwisha kukatikiwa na kizazi.

Hesabu za wale wa porini zikawa zinashuka. Kumi. Sita. Wawili. Wiki nzima hakuna. Kisha mmoja.

Septemba 1996 alinaswa mbung'o wa porini ambaye leo tunasema alikuwa wa mwisho. Wanangu, nataka mlielewe jambo moja kuhusu siku ile. Hakuna aliyejua. Haikupigwa ngoma. Aliandikwa kwenye daftari kama walivyoandikwa wenzake, tarehe, mtego, jike au dume, na sisi tukaenda zetu kula. Kwamba alikuwa wa mwisho tulijua baadaye, kwa kuhesabu wiki baada ya wiki ambazo hakuja mwingine.

Na ndege haikusimama. Iliendelea mpaka Desemba 1997. Miezi 15 ya kumwaga madume juu ya kisiwa ambacho mitego yake haikamati kitu cha porini. Wapo waliosema ni upotevu wa fedha, na kwa macho ya haraka ungewaunga mkono. Lakini mtego mtupu hauthibitishi kwamba msitu ni mtupu. Jike mmoja mwenye mimba, chini ya mti mmoja, mahali ambapo hujaweka ubao, anaanzisha upya kila kitu ulichokimaliza. Jumla ya madume waliomwagwa ilipita milioni 8. Unguja ikawa mahali ambapo dunia nzima ilikuja kujifunza kwamba mbung'o anaweza kufutwa, asipunguzwe tu.

Mkiuliza sayansi ya nyuklia ililetea taifa nini, nendeni mkaangalie ng'ombe wa maziwa wanaofungwa leo chini ya minazi upande wa kusini. Mkiuliza ilichukua nini, nitawajibu kwamba mionzi yenyewe ilichukua dakika chache kwa kila kundi la madume. Kilichobaki chote, miaka yote ile, kilikuwa ni watu wasiokosa siku.

Hilo ndilo nililokuja kusema. Mengine yote ninayoyasema leo yanalizunguka.

Sitaki mdhani kwamba njia hii inafaa popote. Sisi tulikuwa na aina moja ya mbung'o na tulizungukwa na bahari, hakuna aliyeweza kuruka kutoka bara akaja kujaza pengo. Bara kuna aina kadhaa, na mbuga zimeungana na mbuga. Huko ukisafisha wilaya moja, jirani anakuletea wengine. Ilipofanikiwa kwengine, kama Libya mwaka 1991 dhidi ya yule nzi wa vidonda, ni pale adui alipowahiwa akiwa bado kwenye eneo linalozungukika.

Sasa niende hospitali, na hapa nitazungumza kama kaka.

Dada yangu, Mungu amrehemu, alianza kutoka damu isiyo ya mwezi. Kituo kimoja cha afya kilimtibu kwa miezi minane kama mtu mwenye uchafu wa kizazi. Dawa hii, rudi wiki mbili, dawa ile. Alipofika mahali penye daktari aliyemtazama kwa makini, ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na imekwisha kusambaa. Alivuka bahari akapigwa mionzi. Haikumponya, ilikuwa imechelewa. Ilizuia damu, ikampunguzia maumivu, ikampa Ramadhani mbili alizokaa na watoto wake, akipika mwenyewe. Ramadhani zile mbili sitazisahau, na kila ninapomsikia mtu akisema mionzi ni kifo namkumbuka dada yangu akichambua mchele barazani.

Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ikiwahiwa, mionzi huweza kuiponya kabisa, kwa kupigwa kutoka nje na kwa chanzo kidogo kinachowekwa ndani, karibu na uvimbe wenyewe. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando kule Mwanza, zinaifanya kazi hiyo kila siku. Akina mama mliomo humu: chunguzeni mapema. Na wapelekeni mabinti kwenye chanjo.

Turudi kwenye fizikia. Mmefundishwa nusu-uhai, yaani muda ambao mionzi ya kitu hupungua ikabaki nusu. Mnaijua kama mstari unaoteremka ubaoni. Mimi nataka muijue kama mgonjwa aliyelala kitandani. Mashine ya kobalti-60 ina kipande cha kobalti kinachotoa mionzi, na nusu-uhai yake ni kiasi cha miaka 5 na robo. Maana yake, mgonjwa aliyetibiwa kwa dakika 2 mashine ikiwa mpya, baada ya miaka hiyo 5 na kitu atahitaji dakika 4 kupata dozi ile ile. Ikipita miaka mingine kama hiyo, dakika 8. Mashine haijaharibika. Inafanya kazi vilevile kama fizikia inavyotaka. Lakini foleni inakua mara mbili, kisha mara nne, na yule wa mwisho kwenye foleni anaitwa wakati ugonjwa wake umekwisha kupanda daraja. Kobalti haingojei bajeti. Haisikii kwamba mwaka wa fedha umekwisha, au karatasi imekwama kwenye meza ya mtu.

Na kobalti ni mvumilivu. Kwenye uchunguzi wa mifupa, moyo na figo hutumika teknisiamu-99m, ambayo nusu-uhai yake ni saa 6. Asubuhi unayo kamili, alasiri nusu, usiku robo. Inazaliwa kutokana na molibdeni-99, nayo ni ya saa 66 tu, inaletwa kwa ndege kutoka nchi zenye vinu vya nyuklia. Mzigo huo ukilala uwanjani siku tatu kwa sababu ya saini, zaidi ya nusu umepotea, na aliyeupoteza hataona hata tone sakafuni. Kila mtu kwenye mnyororo ule, rubani, ofisa wa forodha, dereva, anashika matibabu ya mtu mkononi, na mara nyingi hajui. Wanangu mtakaokuwa maofisa wa forodha, kumbukeni siku hii.

Mashine mpya zinazotumia umeme badala ya kobalti zina tabia nyingine. Hazichakai kwa nusu-uhai, lakini zinataka umeme usioyumba, ubaridi wa kudumu, na mwanafizikia wa tiba anayezipima kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Mashine hununuliwa kwa mkataba mmoja. Mwanafizikia wa tiba huchukua miaka kumpata, na ukimpata, umlipe vizuri abaki.

Kwenye mbegu nitapita haraka. Ukiipiga mbegu ya mpunga au ngano kwa mionzi ya gama, vinasaba vyake hubadilika ovyo. Nyingi zinazotoka ni mbovu. Unapanda maelfu, unachagua chache, unazipanda tena, unachagua tena, misimu kadhaa. Kenya walipata hivyo ngano ya Njoro-BW1 mwaka 2001, inayovumilia ukame. Kisha ulipozuka ule ugonjwa wa kutu wa Ug99, uliogunduliwa Uganda na ukatisha wakulima wa ngano dunia nzima, watafiti wa Eldoret wakatoa Eldo Ngano 1 mwaka 2014, yenye kuuhimili. Na hapa kwetu, mpunga wa SUPA mliozoea kula ulipitishwa njia hiyo hiyo, ikapatikana mbegu iitwayo SUPA BC. Mionzi ilifanya kazi yake kwa siku moja. Kuchagua kulichukua miaka, watu wakiinama matopeni.

Maji nayo yana habari yake, na mimi huipenda kuliko zote. Miaka ya 1950 na 1960 mataifa makubwa yaliyalipua mabomu ya majaribio angani, na milipuko ile ikajaza hewa tritiamu, haidrojeni nzito yenye mionzi. Ikanyesha na mvua, ikazama ardhini. Nusu-uhai yake ni miaka 12 na kidogo. Kwa hiyo mtaalamu anapochota maji ya kisima na kukuta tritiamu, anajua kuna mvua iliyoingia humo tangu zama zile. Asipoikuta kabisa, anajua maji yale ni ya kale, hayajazwi upya kwa haraka, na pampu inachota akiba ya mababu. Kwa mji unaokua, hiyo ni habari ya kufa na kupona. Na kwa kisiwa kama chetu, ambapo visima vya pwani vinaanza kuwa na chumvi, isotopu, yaani atomu za kitu kimoja zinazotofautiana uzito, huweza kutueleza chumvi ile imetoka bahari ya leo au kwenye mawe ya zamani. Uchafu wa silaha umekuwa kalenda ya kusomea maji.

Nisije nikawapamba tu. Hatari ipo, nami ninayo moja ya kuwaeleza, kwa sababu haikutokea kwenye kinu kikubwa, na ingeweza kutokea mtaani kwetu.

Septemba 1987, mji wa Goiânia, Brazil, kliniki ya saratani ilihama ikaacha nyuma mashine yake ya zamani yenye sesiamu-137. Jengo likabaki gofu. Watu wawili waliokuwa wakitafuta vyuma vya kuuza wakaingia, wakang'oa kile chuma kizito, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilipopasuliwa, ndani mlikuwa na unga uliotoa mwanga wa buluu gizani. Ulikuwa mzuri. Watu waliugawana, wakawapelekea jamaa zao, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja ni mtoto wa kike wa miaka 6. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na kwa hofu iliyoenea, zaidi ya watu 112,000 walipangwa foleni uwanjani kupimwa.

Sasa niambieni, ni mtaa gani wa kwetu usio na kijana anayekusanya vyuma chakavu? Ni nani kati yao amefundishwa ile alama ya hatari ya mionzi, panga tatu nyeusi juu ya manjano? Sheria tunayo. Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kazi yake ni kujua kila chanzo cha mionzi nchini kiko wapi, kiko kwa nani, na kikichoka kinakwenda wapi. Goiânia sheria pia ilikuwapo. Hakuwapo mtu wa kurudi kwenye lile gofu kuuliza, "Ile mashine iko wapi?" Naomba walimu waichore alama ile ubaoni leo, isichorwe kwa wanafunzi wa sayansi peke yao.

Mwalimu alinitaka niguse umeme, nami nitasema maneno machache, kwa kuwa si eneo langu. Bara zima la Afrika lina kituo kimoja cha nyuklia kinachozalisha umeme wa kuuza, Koeberg, Afrika Kusini. Misri wanajenga El Dabaa. Kenya walitaka Uyombo, Kilifi, wavuvi na wakaazi wakapinga. Ninawaheshimu wakaazi wale. Mtu anayeishi kando ya bahari ana haki ya kuulizwa kabla, kwa lugha yake, na kujibiwa ukweli. Sipingi umeme wa nyuklia. Nasema taifa lisiloweza kubadilisha kobalti ya hospitali kwa wakati wake lijirekebishe hapo kwanza.

Na kuchimba urani ni jambo jingine. Tunayo Namtumbo, kwenye mto Mkuju, na watu wanasema tumebarikiwa. Huenda. Lakini Kongo waliuza urani kabla yetu sote, wakapata kinu cha utafiti cha kwanza Afrika, Kinshasa, mwaka 1959. Wakapata na cha pili, mwaka 1972. Wataalamu wao walikuwa hodari. Kinu hicho cha pili kimezimwa tangu 2004. Vinu viwili, madini tele, na mwisho wake mlango umefungwa, kwa sababu fedha, vipuri na vijana wa kurithi kazi havikuendelea kufika. Ningependa viongozi wetu waende wakasimame mbele ya mlango ule kimya kwa saa moja.

Binti mmoja wa kidato cha tano aliniuliza pale nje: ili afanye kazi hii ni lazima aende Ulaya? Mwanangu, huenda ukaenda kusoma, na ukipata nafasi nenda. Lakini jike wa mbung'o alipasuliwa chini ya hadubini hapa Unguja, na madume walilishwa Tanga na vijana wa Tanga. Anza na hesabu. Anza na kuandika tarehe sawasawa. Kama skuli haina maabara, waulizeni wazazi na serikali maabara iko wapi, kwa sauti ile ile mnayoulizia barabara.

Nimebakiza nusu saa, na sitaki kuimaliza kwa maneno. Nimekuja na vipima mionzi viwili. Tupangane wanne wanne. Kila kundi lipime meza tupu kwa dakika moja, mara kumi, liandike namba zote kumi. Kisha utambi wa karabai, mara kumi tena, bila kuufungua mfuko. Mtaona namba hazifanani hata siku moja: 14, 19, 11, 22. Msishangae, na msifute ile isiyowapendeza. Iandikeni. Waliokaa karibu na mlango waanze.